Chale za Kirusi

Mume wangu alikuwa na chale katika macho yote mawili, na kwa miaka mingi alikaa kwenye baraza la wazee wa kanisa letu hapa Tunduma akiwahoji watu waliokutwa na chale. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani namsingizia mbele ya safari. Mtu huyu nimemjua tangu nikiwa msichana wa Itaka, nimemzalia watoto, nimempigia pasi suti za Jumapili, na haki ya kumcheka nimeipata kwa jasho langu mwenyewe.

Tuanze na miwani. Nilipomfahamu alikuwa bwana shamba kijana, mtu wa Ibaba kule Ileje, aliyeletwa kwetu kufundisha watu kupogoa mikahawa. Alivaa miwani minene kama vitako vya chupa, imefungwa kwa kamba ya kiatu nyuma ya kichwa ili isianguke anapoinama shambani. Kwetu Itaka mtu wa miwani alikuwa mchungaji, au mwalimu mkuu, au mgonjwa, na kijana yule hakuwa mchungaji wala mwalimu mkuu. Watoto walimfuata nyuma wakimwita Macho Manne. Wasichana wenzangu waliniuliza kama nitazaa watoto na miwani yao.

Mimi nilimpenda hivyo hivyo. Alikuwa na tabia moja: akitaka kukutazama, anaishusha miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anairudisha puani taratibu, ndipo anakutazama. Unajua kabisa kwamba umetazamwa na mtu aliyejiandaa. Sikumwambia kwamba nilikuwa naisubiri ile ncha ya shati. Msichana wa Itaka wakati ule hakuwa anasema mambo kama hayo, na baadaye, nilipofika umri wa kusema lolote nipendalo, miwani haikuwepo tena.

Aliniposa, kisha serikali ikampeleka Urusi kusoma kilimo. Alirudi mwishoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari imeanza kuonekana tena madukani na mitumba imeanza kutuvisha nguo za watu tusiowajua. Nilikwenda stendi ya Vwawa kumpokea pamoja na mama yake. Basi likashusha abiria, mimi nikawa natafuta miwani. Kulikuwa na mtu mmoja amesimama katikati ya njia na koti refu la manyoya, jasho linamtiririka, anatabasamu peke yake. Nikamwambia, "Samahani kaka, nipishe." Nikampita.

Kaka alikuwa ndiye yeye. Kisa hicho amekisimulia kwenye kila sherehe tangu siku ile, tena kwa majivuno, kwamba alirudi kutoka Ulaya amependeza hata mchumba wake akashindwa kumtambua. Mimi hucheka na wageni, halafu naenda jikoni kuangalia wali.

Ukweli alinieleza baada ya kufunga ndoa kule Mbozi Mission, kwa sauti ya chini kama anayetaja deni. Alisema Warusi walikuwa na hospitali ambayo wagonjwa wanalazwa kwenye vitanda vinavyotembea vyenyewe, kama kreti za soda kiwandani. Unafika kwa daktari wa kwanza anakuwekea alama, unafika kwa wa pili anachanja, wa tatu anakagua, unashushwa, anapandishwa mwingine. Wanachanja kwenye kile kioo cha mbele cha jicho, vimistari vidogo kuizunguka mboni, vinaelekea nje kama miale ya jua ambalo mtoto amelichora. Kioo kinalegea, kinakuwa bapa kidogo, na mtu aliyekuwa haoni mbali anaona mbali. Yeye Kirusi chake kilikuwa cha darasani, cha mbolea na trekta. Mtanzania mwenzake wa bwenini ndiye aliyemtafsiria. Akatafuta neno la kumweleza mtu kwamba atachanjwa mistari midogo midogo iliyopangana, akalipata moja tu. Akamwambia, "Watakupiga chale."

Na ni neno hilo lililotutesa. Kosa la kwanza alilifanya yeye mwenyewe, alipomweleza mama yake kwa majivuno. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa Ibaba hasa, anasema Kiswahili pale tu Kindali kinapomshinda msikilizaji. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza, "Walikuchanja na wembe?"

"Na kisu cha almasi, mama."

"Wakishakuchanja, walikupaka dawa?"

"Walinitia matone."

"Basi ni chale," mama akasema. "Ungeniambia, mwanangu. Ungechanjwa hapa hapa, bila kupanda ndege."

Kuanzia siku ile mume wangu aliapa kwamba neno lile halitatoka nje ya nyumba yetu. Kwa watu wengine aliandaa maelezo mapya. Macho yake, alisema, yamekazwa na baridi. Kule Urusi baridi ni kali mno, inakaza mishipa ya macho, mtu anajikuta ametupa miwani. Watu wa Ibaba, ambao wana baridi ya kutosha na haijawahi kuwaletea faida yoyote zaidi ya viazi, waliipokea habari hiyo kwa furaha. Wazee wakaanza kuamka alfajiri na kunawa macho kwa umande. Wapo wanaofanya hivyo mpaka leo, na ukiwauliza watakwambia kwamba ni utaalamu kutoka Urusi.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi, bwana shamba wangu akapunguzwa, tukahamia Tunduma kama watu wengi wa wakati ule. Mpaka ulikuwa umechangamka. Mimi nikawa nauza vitenge, yeye akawa anashughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Kwa kuwa alikuwa na suti, na alikuwa amefika Ulaya, na alisoma Biblia mbele ya watu bila kukwama, haikuchukua muda wakamfanya mzee wa kanisa. Alikuwa mzee mzuri, mwenye bidii. Tatizo ni kwamba bidii yake kubwa aliielekeza kwenye chale.

Kulikuwa na mama mmoja muuza dagaa, jirani yangu sokoni. Mtoto wake alishikwa na degedege, bibi yake akamchanja kifuani na kumpaka dawa. Mtoto akapona, au angepona tu hata bila dawa, sijui. Waliomwona akiogeshwa wakapeleka habari, na mama akaitwa barazani. Siku ya kutangazwa uamuzi, mume wangu ndiye aliyepewa nafasi ya kuonya. Alionya kweli kweli. Alisema mwili wa Mkristo hauchorwi kwa wembe. Alisema mtu akishaanza na chale moja hajui atakakoishia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, namtazama machoni. Jua la dirishani lilikuwa linampiga kwa ubavu, na ukijua pa kutazama, ungeweza kuiona ile mistari. Nilijiuma mdomo mpaka ukauma kweli. Mama wa dagaa akaambiwa akae benchi la nyuma kwa muda, bila kushiriki meza ya Bwana, na akakaa.

Miaka ikaenda, na macho ya Kirusi nayo yakaanza kuzeeka. Kwanza yalikataa maandishi ya karibu. Mwanadamu yeyote akifika umri ule ananunua miwani ya kusomea, na Tunduma miwani ya kusomea inatembezwa kwenye ubao na vijana, unajaribisha mwenyewe papo hapo mpaka upate inayokufaa. Mume wangu alikuwa radhi kufa na tai shingoni. Alisukuma Biblia mbali, akaisukuma tena, mpaka mkono ukaisha. Akawalaumu wachapishaji kwamba siku hizi wanabana wino. Tena macho yake hayakuwa na msimamo: asubuhi anaona hivi, jioni anaona vile. Asubuhi angeniambia nimevaa kitenge kizuri, jioni angeniuliza nimebadilisha saa ngapi.

Halafu ukaja ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, macho yote mawili. Hapo utani uliisha, kwa sababu alianza kupotea. Siku moja niliona kwa macho yangu akilisalimia kwa mkono turubai la lori lililokuwa linapepea kando ya barabara, akiliuliza habari za nyumbani. Mwanamke mmoja mteja wangu kutoka upande wa Zambia alimshika mkono kumvusha barabara, akamwambia, "Bashikulu, mukwai, pole pole." Bashikulu kwa Kibemba ni babu. Wiki nzima alikuwa hataki kula. Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine: yale malori. Foleni ya malori Tunduma haina simile na mtu asiyeona, na kila nilipofunga duka nilikuwa nasikiliza kwanza kama kuna watu wanapiga kelele barabarani.

Sasa, jirani yetu alikuwa msafirishaji, mtu wa Tanga, mwenye malori yake mwenyewe, aliyekwisha kwenda Makka na kila mtu akimwita Haji. Yeye naye alikuwa na mtoto wa jicho, akaenda jijini, akarudi na lenzi mpya ndani ya macho. Haji hakurudi kimya. Alikaa kibarazani kwake akawa anasoma maandishi ya kiberiti, kisha anainua kichwa na kusoma namba ya lori lililoko kule getini, kisha anarudi kwenye kiberiti. Aliiita lenzi yake "tatu kwa moja": mbali, katikati na karibu, miwani marufuku. Soko huria lilikuwa limeshatuletea kila kitu kupitia pale mpakani, na sasa lilikuwa limeleta macho.

"Mzee mwenzangu," Haji alimwambia mume wangu, "wewe unasubiri nini? Mimi Kurani naisoma kama kijana wa madrasa. Nitakupeleka mwenyewe kwa daktari wangu."

Mume wangu alilishika lile neno, miwani marufuku, na hakuliachia tena.

Tukasafiri watu watatu: mume wangu, mimi, na Haji kama mwenyeji wetu. Kliniki ilikuwa na baridi ya mashine na maua ya plastiki. Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanetu wa pili, akamwamkia shikamoo mara mbili, akamkalisha, akamwekea kidevu kwenye mashine. Mimi na Haji tulikuwa tumekaa ukutani. Binti akamulika, akatazama. Akamulika tena, akatazama muda mrefu zaidi.

"Baba, umewahi kufanyiwa upasuaji wa macho?"

"Hapana," mume wangu akajibu.

"Hata zamani?"

"Sijawahi kupasuliwa."

Na hapa nataka nimtendee haki, kwa kuwa hakuwa anadanganya kama mnavyofikiria. Kwake yeye kupasuliwa ni kulala wodini, kushonwa nyuzi, na ndugu kukuletea uji. Yeye alishushwa kwenye kile kitanda cha kreti akaenda bwenini kwa miguu. Hakupasuliwa. Kilichompata kilikuwa na jina lingine, na jina hilo asingeweza kulitamka mbele ya Haji, ambaye ni mtu mwema ila mdomo wake haujawahi kukaa na kitu kikalala.

"Mbona naona makovu kwenye kioo cha jicho?" binti akauliza.

"Itakuwa tawi la mkahawa," mume wangu akasema. "Nilikuwa bwana shamba."

Daktari akamulika na jicho la pili. "Baba, macho yote mawili?"

"Mashamba yalikuwa mengi."

"Tawi hilo lilikuwa na rula, mzee wangu," binti akasema kwa adabu kabisa. "Mistari iko nane kila jicho, na imeachana sawasawa. Kama ningekuwa kijijini kwetu ningesema hizi ni chale."

Mume wangu akanyanyuka kutoka kwenye mashine kama aliyechomwa. "Daktari, mimi ni mzee wa kanisa. Sina chale mwilini mwangu."

Binti wa watu akaona ameteleza. Akaomba radhi, kisha akaanza kueleza taratibu, na mimi niliyasikiliza maneno yake kwa makini kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Alisema lenzi inayowekwa ndani ya jicho lazima ipigiwe hesabu, na hesabu hiyo inategemea mviringo wa kile kioo cha mbele. Kama kioo kimewahi kuchanjwa, mashine inadanganyika, na lenzi inaweza kuwa ya nguvu isiyofaa. Ndiyo maana lazima ajue. Halafu lenzi anayoitaka, ile tatu kwa moja, ina miduara inayougawa mwanga, huu wa mbali, huu wa karibu. Kwa jicho zima kama la Haji inafanya kazi vizuri. Kwa kioo chenye mistari, mwanga unafika kwenye lenzi ukiwa umeshagawanyika.

"Ukigawa tena kilichokwisha kugawanywa, baba, kila upande unapata kidogo. Utaona vivuli, utaona miduara kwenye taa. Kama hukuchanjwa, niambie hukuchanjwa. Lakini nikikuwekea lenzi kwa hesabu ya uongo, jicho ni lako."

Mume wangu akatazama mbele. Alikuwa tayari kupoteza jicho kuliko kulitamka lile neno. Mimi nimelelewa kwamba mke hampingi mumewe mbele za watu, tena mbele ya mtu wa Tanga. Lakini nikayaona yale malori. Nikasimama.

"Daktari, alichanjwa na Warusi," nikasema. "Kisu cha almasi. Na matone walimtia."

Haji alikuwa wa kwanza kuzinduka. "Alaa," akasema polepole, kwa heshima kubwa. "Almasi."

Mngedhani ukweli ukishatoka mtu anapata akili. Mume wangu alinigeuzia mgongo, na alipomgeukia daktari alisema bado anataka tatu kwa moja. Binti akamshauri lenzi ya kawaida. Ataona mbali kwa uzuri, akasema, ila atahitaji miwani ya kusomea, na pengine ya mbali pia, kwa sababu hesabu ya jicho lililochanjwa haitabiriki vizuri. Neno miwani likaharibu kila kitu. Alitia saini kwa jicho moja, lile lililokuwa baya zaidi, baada ya kuonywa mara tatu, na mimi nilikuwepo zote tatu. Daktari akapiga hesabu zake kwa njia mbalimbali, akafanya kazi yake kwa uangalifu. Sina neno naye.

Walipomfungua jicho, alichukua kichupa cha dawa, akakisogeza dirishani kwenye jua, akasoma maandishi yote mpaka jina la mji kilikotengenezwa. Haji akamkumbatia. Safari nzima ya kurudi mume wangu alikuwa anasoma: tiketi, mabango, maneno nyuma ya viti vya mbele. Mimi alikuwa hajanisemesha bado, lakini alikuwa anasoma kwa sauti ili nisikie.

Tulishuka Tunduma jua linazama, malori yameanza kuwasha taa. Nilikuwa nashusha mizigo, nikamwona amesimama kando ya barabara, mkono umening'inia. Ndipo akanisemesha.

"Mama, hayo magari ni mangapi?"

"Wapi?"

"Hayo yanayokuja."

Lilikuwa linakuja moja. Kila taa, alinieleza baadaye, ilikuwa na pete juu ya pete kama kitunguu kilichokatwa, na kutoka kwenye pete ilitoka miale, na miale ya taa hii iliingia kwenye pete za taa ile. Warusi walikuwa wamempa miale, jiji limempa miduara, na vyote vimekutana foleni ya Tunduma. Mchana, kila herufi ilikuwa na mdogo wake anayeifuata nyuma. Kwenye jua kali alisoma kichupa, ndiyo, lakini kanisani, penye mwanga hafifu, alisoma somo kama mtoto wa darasa la kwanza, na waumini wakawa wanamsaidia kumalizia aya. Aliposhuka akawaambia wenzake kwamba lenzi bado inazoea. Nyumbani alisema ukweli.

"Nakuona, mama," aliniambia, "lakini kama umesimama nyuma ya chandarua."

Nilitoka nikaenda jikoni, na safari hii sikwenda kuangalia wali. Nililia kwa hasira. Nililia kwa sababu jicho moja lilikuwa limebaki, naye bado alikuwa anasema la pili nalo liwekwe tatu kwa moja, labda yakiwa mawili yatasaidiana.

Haji naye alikuwa hajakaa bure. Kijiweni kwenye kahawa aliusifia ushujaa wa jirani yake: mzee wetu alichanjwa chale za almasi machoni na hakulia. Alisema kwa nia njema kabisa. Soko lilichukua neno moja tu kutoka kwenye sifa zile, na kabla ya Jumapili wateja walikuwa wananiuliza huku wanapapasa vitenge, kama ni kweli, na kama alichanjwa kwa ajili ya biashara au cheo.

Baraza likamwita. Mimi niliitwa kama shahidi, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango. Lazima niseme kwamba wazee wenzake walimwonea huruma sana. Hawakutaka kabisa awe na hatia. Mmoja akasema kilichofanyika hospitali hakiwezi kuitwa chale. Mwingine akauliza kama dawa ilipakwa, wa kwanza akamwambia matone si kupaka, ni kudondosha. Wakabishana hapo muda mrefu, kupaka na kudondosha. Mwenyekiti akahitimisha kwamba neno sahihi ni operesheni, na kwamba wote sasa walitumie neno hilo, na watu wa soko waelimishwe. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilibaki yeye kupita tu.

Nilimwona anainamisha kichwa. Jicho moja lilikuwa na ukungu, jingine lina pete, sijui katika hayo mawili aliona nini.

"Yule mama wa dagaa," akasema, "hakuna aliyemtafutia neno."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Mtoto wake alikuwa anakufa, akachanjwa. Mimi nilikuwa naona aibu kuitwa Macho Manne. Na nilipakwa dawa. Matone ni dawa. Mama yangu alisema ni chale, na mama yangu alikuwa anazijua. Naomba benchi la nyuma."

Wakamsihi. Akakataa. Ana kichwa kigumu mtu huyu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kichwa hicho kilinifurahisha. Nilitaka kumshika mkono pale pale, lakini wazee walikuwa wanatazama.

Basi akakaa benchi la nyuma, na kutoka nyuma ubao wa namba za nyimbo hakuuona. Kwake ulikuwa kijiwingu cheupe. Jumapili ya kwanza alishika kitabu kimefungwa. Jumapili ya pili mama wa dagaa, ambaye alisharudishwa mbele miaka mingi nyuma, alitoka kwenye nafasi yake, akaenda akakaa ukingoni mwa benchi lile, akawa anamnong'oneza namba za nyimbo. Hakumwambia kitu kingine. Watu waligeuka kutazama, na mimi niligeuka pamoja nao.

Jicho la pili tulikwenda wawili tu. Haji alijitolea kuja, tukamshukuru sana, tukaondoka na basi la alfajiri. Binti alipouliza anataka lenzi gani, mume wangu alisema, "Ya kawaida, mwanangu." Akauliza tena kama anaelewa kwamba atavaa miwani. Mume wangu akanitazama mimi, au akatazama upande niliokuwepo. "Naelewa," akasema.

Hesabu ilikosea kidogo, kama binti alivyoonya. Miwani ikatengenezwa, minene kuliko tulivyotarajia, na upande wa lile jicho la tatu kwa moja kioo kilitiwa weusi kidogo ili pete zisimsumbue. Njiani aliibeba mfukoni. Nyumbani aliiweka kabatini.

Jumapili alitangulia kanisani. Nilipoingia nikaenda upande wetu, nikakaa, nikaimba wimbo wa kwanza. Wa pili ulipotajwa nikageuka kuangalia kama mama wa dagaa ameenda kumsaidia. Hakuwa ameenda. Mume wangu alikuwa amekaa benchi la nyuma, ameshika miwani mkononi. Akaifuta kwa ncha ya shati, polepole, upande mmoja na mwingine. Akairudisha puani. Akausoma ubao, kisha akayageuza macho upande wa akina mama, akatafuta, akanipata, akanitazama.

Wimbo ule sikuumaliza. Ibada ilipokwisha alikuwa amesimama mlangoni, katikati ya njia, anaangalia watu wanavyotoka kana kwamba kila mmoja ameshuka kwenye basi. Nikamkaribia.

"Samahani kaka," nikamwambia, "nipishe."

Hakunipisha.